Mwaka wako ni upi? Maswali ya wasomaji kuhusu Burundi

Toleo lililopita niligusia kidogo tu makambi ya zamani ya wakimbizi mkoani Kigoma, nikaandika kwamba wengi waliopita pale walikuwa Warundi wanaokimbia "mauaji ya kikabila", mistari mitatu hivi nikaendelea na mambo mengine. Kumbe hiyo mistari mitatu imewagusa watu wengi sana. Meseji na barua zimekuja kutoka Dar, Gitega, Mwanza, Tabora mpaka Buja (Bujumbura), kwahiyo wiki hii nimeacha maswali ya mitihani na bodi ya mikopo pembeni, ukurasa wote ni Burundi. Sijaweza kujibu wote, mnisamehe.

Shikamoo Mwalimu. Mimi nimezaliwa Mishamo, kwenye makazi ya wakimbizi, babu yangu alikuja Tanzania 1972 akitokea Rumonge, saivi nipo Dar naendesha bodaboda. Babu hataki kabisa kuongelea mambo ya kule, ukimuuliza anasema tu "ikiza kilikuja" basi anageukia ukutani. Naomba unambie kwa lugha rahisi kilitokea nini, alafu Mhutu na Mtutsi wanatofautiana nini hasa, mana mi nikiangalia sura za watu sioni kitu. (Kijana wa Mishamo, Dar es Salaam)

Marahaba mwanangu. Naanza na hilo la mwisho. Usipoona kitu kwenye sura hujakosea. Sisi Watanzania tukisikia kabila tunawaza Mhaya na Mgogo, kila mtu na lugha yake na kwao, ukivuka mto fulani umeingia kwa wengine. Burundi haiko hivo. Mhutu na Mtutsi wote wanaongea Kirundi kilekile, wamejenga kilima kimoja, wanamtaja Mungu mmoja Imana tangu kabla ya mapadri kufika, walikuwa chini ya mwami (mfalme) mmoja, na wameoana miaka na miaka. Watu watakwambia Mtutsi ni wa ng'ombe na Mhutu ni wa jembe, kuna ukweli kidogo hapo, ila Watutsi kibao hawajawahi kumiliki hata ndama na Wahutu wenye mazizi walikuwepo. Na juu yao wote walikaa Waganwa, ukoo wa kifalme, ambao hawakuhesabiwa huku wala kule. Ugomvi mkubwa wa enzi hizo ulikuwa wa Waganwa wenyewe kwa wenyewe, Wabezi na Watare.

Sasa ilikuwaje mpaka ikafika babu yako akavuka ziwa. Burundi iliingia kwenye uhuru tarehe 1 Julai 1962 ikiwa imeshampoteza mtu wake muhimu kuliko wote, Louis Rwagasore, mtoto wa mwami, aliyekuwa na mke Mhutu na chama chake cha UPRONA kilikuwa na watu wa pande zote. Alishinda uchaguzi Septemba 1961, tarehe 13 Oktoba akapigwa risasi kwenye mgahawa pembeni ya ziwa, hata mwezi haukuisha. Aliyefyatua alikuwa Mgiriki, waliomtuma walikuwa wapinzani wake wa kisiasa. Nakutajia hili kwasababu baada ya yeye hakuna tena aliyeweza kukaa katikati.

Na jirani hapo Rwanda, kuanzia 1959 Wahutu walishika nchi, Watutsi wakauawa na maelfu wakakimbilia Burundi na habari zao. Fikiria wewe ni Mtutsi wa Burundi unampokea mtu huyo nyumbani kwako, unamsikiliza usiku, unajiambia kumbe wengi wakishika serikali sisi ndio tunaisha. Na Mhutu wa Burundi naye anaangalia Rwanda hiyohiyo anajiambia kumbe inawezekana. Habari ni moja ila huyu imemtia hofu na yule imempa tamaa, na kuanzia hapo kila mmoja alimwangalia jirani yake kwa kioo cha Rwanda.

Januari 1965 waziri mkuu Pierre Ngendandumwe, Mhutu, akauawa. Oktoba mwaka huohuo maafisa wa Kihutu wakajaribu kupindua wakashindwa, wakauawa wao na wanasiasa wengi wa Kihutu. Mwaka uliofuata Kapteni Michel Micombero akaufuta ufalme kabisa, jeshi likabaki mikononi mwa Watutsi, tena siyo Watutsi wote, hasa wa mkoa wa Bururi. Micombero, Bagaza na Buyoya, marais watatu wa kijeshi waliofuatana, wote wametoka tarafa moja tu ya Rutovu! Mtutsi maskini wa Kirundo au Muyinga alikuwa hana cha kupata kwenye serikali ile, lakini kifo chake kilikuja kuhesabiwa kwenye deni la serikali hiyo, na hili linaniuma sana kila nikilifikiria.

Basi tarehe 29 Aprili 1972. Waasi wa Kihutu walivamia kusini, Rumonge kwenu huko na Nyanza-Lac, wakaua Watutsi kwa mapanga, maelfu kadhaa kwa makadirio mengi, wanawake na watoto wamo. Usiruke hapo ukisimulia, mana wengi wa upande wenu wanaruka. Ila kilichofuata hakikuwa kuwakamata waliofanya. Serikali ilichukua majina. Jeshi na vijana wa chama walienda maofisini, kwenye maseminari, chuo kikuu, sekondari, wakiwa na orodha, unaitwa jina unapanda lori na hurudi. Walimu, manesi, makarani, wanafunzi wa form two, yaani kila Mhutu aliyejua kusoma na kuandika alikuwa mshukiwa. Makadirio yanaanzia watu 100,000 yanafika 300,000, kwa miezi michache tu. Wajane waliambiwa waume zao walikuwa wasaliti kwahiyo hakuna msiba, hakuna kulia mbele za watu, na mali nyingi zikachukuliwa. Ikiza maana yake ni janga, kitu kama gharika au njaa kinachokuja bila kuwa na mwenyewe. Nadhani watu walichagua neno hilo kwasababu ukisema janga humtaji mtu, na kumtaja mtu ndio kulikuwa kunaua.

Babu yako mwanangu siyo mkaidi. Alifundishwa kunyamaza kwa bei kubwa sana. Usimuulize nani aliua. Muulize alikuwa analima nini Rumonge, michikichi yake ilikuwa mingapi, nani alikuwa jirani yake kwa upande wa chini. Ataanzia hapo.

Mwalimu nakusoma siku zote na nakuheshimu ila leo nimekasirika. Kwanini ninyi Watanzania mkiongea Burundi mnaanzia 1972 tu? Mama yangu ni Mtutsi, baba na kaka zangu wawili waliuawa Oktoba 1993 na watu waliokuwa wanakula kwetu. Mpaka leo mama hajawahi kurudi kulala kwenye kilima chetu, tulikulia kwenye saiti ya waliokimbia, vyumba viwili, miaka yote hiyo. Au hao wafu wetu hawahesabiki? (Dada wa Gitega)

Wanahesabika dada yangu, na pole, pole sana, tena una haki ya kukasirika. Waliokimbilia kwetu Tanzania wengi walikuwa Wahutu kwahiyo simulizi tuliyoipokea ilikuwa ya kwao, na tukaifanya ndio yote. Mimi mwenyewe Oktoba 1993 nilikuwa nafundisha Kibondo, nikaona watu wanaingia na magodoro kichwani mchana na usiku, tukawapa vyumba vya madarasa, na kila mtu alisimulia jeshi. Jeshi lilifanya kweli. Ila waliouawa na majirani zao hawakuwa kwenye ule mstari wa watu, walikuwa wamejazana karibu na kambi za jeshi na makao ya tarafa ndani ya Burundi, ambako sisi hatukuwaona.

Kwa wasomaji wengine, ilikuwa hivi. Juni 1993 Melchior Ndadaye wa chama cha FRODEBU alichaguliwa rais, Mhutu wa kwanza, kwa kura kama asilimia 65. Yeye mwenyewe alikuwa mtoto wa 1972, alikimbilia Rwanda akiwa mwanafunzi. Alimteua Sylvie Kinigi, mwanamke Mtutsi, kuwa waziri mkuu. Watu walianza kupumua. Usiku wa kuamkia tarehe 21 Oktoba wanajeshi wakamtoa ikulu wakamuua kambini, hata siku 110 hajafikisha. Waliomuua walikuwa Watutsi, lakini naibu spika aliyeuawa naye usiku uleule, Gilles Bimazubute, alikuwa Mtutsi.

Habari ilivyofika vijijini asubuhi, Wahutu wengi walisema ni 1972 imerudi, wanakuja na orodha, tusingoje. Wakakata miti wakafunga barabara jeshi lisipite, alafu wakawageukia Watutsi wa kilima hichohicho pamoja na Wahutu wa UPRONA. Kibimba, siyo mbali na kwenu, wanafunzi wa Kitutsi walifungiwa kwenye jengo la kituo cha petroli wakachomwa moto. Na palepale kulikuwa na viongozi wa serikali za mitaa na walimu walioongoza kazi hiyo, hawakuwa wote watu waliopandwa na hasira tu. Tume ya Umoja wa Mataifa ilisema 1996 kwamba vitendo vya kimbari vilitendwa dhidi ya Watutsi mwezi ule. Kisha jeshi likapita na kuua Wahutu bila kuchagua, vilima vizima. Ndani ya majuma machache waliokufa walikuwa makumi ya maelfu na watu kama 700,000 walivuka mipaka.

Niliwahi kukaa na wazee wawili wa Kirundi, Mhutu na Mtutsi, meza moja, wanakunywa chai, na nikaja kugundua kwamba ukitaka kujua mtu ni nani Burundi huulizi kabila, unauliza mwaka. Huyu akisema "kabla ya vita" anamaanisha 1972, yule akisema "kabla ya vita" anamaanisha 1993. Kila mmoja ana mwaka wake ambao yeye ndiye aliuawa, na mwaka wa mwenzake anaujua ila anauita kwa jina dogo, "fujo", "matukio", "makosa ya wachache". Hili ndilo nataka watu walielewe kuhusu Burundi kuliko lingine lote dada. Mtu aliyefanya 1972 hakushtakiwa, alipandishwa cheo. Kwahiyo 1993 watu hawakuwa na mahakama ya kungojea, walikuwa na kumbukumbu tu. Na waliofanya 1993, kuna waliofungwa na hata kunyongwa, ila wakubwa wa pande zote wakaja wakasaini amani na kinga wakapewa, wakakaa bungeni. Mama yako anajua hilo, ndio mana halali kwenye kilima.

Mwalimu acha kuzunguka, sema ukweli, haya yote si Wabelgiji waliyapanda? Waafrika tulikuwa tunaishi kwa amani. (Msomaji wa Mwanza)

Ndugu yangu, walichangia sana, na nitasema walichofanya hasa. Walikuta machifu Wahutu wapo, wachache lakini wapo. Kuanzia miaka ya 1920 wakaja na nadharia yao kwamba Mtutsi ni mtu wa asili nyingine, kazaliwa kutawala, wakawaondoa machifu wa Kihutu mmoja mmoja, kufikia 1945 hakuna hata mmoja. Shule nzuri ya watoto wa wakubwa ilikuwa Astrida, Rwanda, na Wahutu walioingia pale walikuwa wa kuhesabu. Kwahiyo uhuru ulivyokuja, neno lililokuwa linamaanisha zaidi hali ya mtu na ukoo wake likawa linamaanisha nani ana kazi na nani hana. Hapo wana deni, hakuna ubishi.

Ila uhuru ulipatikana 1962. Orodha za 1972 ziliandikwa na Warundi kwa mkono wao, petroli ya Kibimba haikumiminwa na Mbelgiji. Nchi ni ndogo, watu wamebanana kuliko karibu popote Afrika, kahawa ndio ilikuwa inaleta fedha za kigeni na bei yake ilipangwa na serikali, viwanda hakuna. Aliyekuwa na serikali ndio alikuwa na mshahara, shule ya watoto, gari, na jeshi la kumlinda, na aliyeikosa alirudi kulima kipande cha shamba kisichotosha hata ndugu wawili. Watu wa namna hiyo wakiambiwa "wenzenu wakishika mmekwisha" wanaamini upesi. Mkataba wa amani wa Arusha wa mwaka 2000 wenyewe, uliosainiwa na Warundi wa pande zote, unasema wazi kwamba mgogoro kimsingi ni wa kisiasa wenye sura kali ya kikabila, na umetokana na wanasiasa kugombania madaraka. Wamekiri wenyewe, sioni kwanini sisi tuwatafutie mwingine wa kumbebesha yote.

Mwalimu mimi mtu wa Buyenzi, Buja. Mnaandika wauaji tu. Mbona hamuandiki watu walokataa? Baba yangu alificha watu nyumbani, chini ya kitanda na darini, Mhutu na Mtutsi, na hakuna gazeti lilokuja kumuuliza. (Mzee wa Buyenzi)

Shikamoo mzee wangu. Nakubali kosa, na nafasi hii nakupa wewe.

Kwa wasioijua, Buyenzi ni mtaa wa Waswahili wa Bujumbura, Waislamu wengi, watu wenye asili ya Kongo, Tanganyika na Burundi yenyewe, lugha ya barazani ni Kiswahili. Ukiuliza mtu wa pale kabila atakwambia mimi Mswahili, na miaka ile 1994 na 1995 jibu hilo lilikuwa ngao. Mji ulikuwa unagawanyika mtaa kwa mtaa, Kamenge na Kinama zikabaki za Wahutu, Ngagara, Nyakabiga na Musaga za Watutsi, vijana wa magenge ya Sans Échec wakifunga barabara na kuua wapita njia, ukikosea daladala umekufa. Buyenzi na Bwiza ndio zilibaki za mchanganyiko mwishoni kabisa. Machi 1995 zikavamiwa nazo, watu wengi wakafa na maelfu wakakimbilia Zaire, kwahiyo nisiseme kwamba walipona. Nasema hawakuanza, na wenye nyumba wengi walifungulia mlango mtu bila kuuliza mwaka wake.

Wengine wa kutajwa ni Maggy Barankitse wa Ruyigi, Mtutsi, ambaye tarehe 24 Oktoba 1993 alifungwa kwenye kiti akalazimishwa kuangalia Watutsi wenzake wakiua Wahutu 72 aliowaficha kwenye nyumba ya askofu. Akanusuru watoto 25, ndio mwanzo wa Maison Shalom, makao yake ya watoto, na baadaye watoto wa pande zote maelfu walipita mikononi mwake. Na wale wanafunzi wa seminari ndogo ya Buta kule Bururi mzee, nikiwafundisha darasani sauti hunikatika. Tarehe 30 Aprili 1997 alfajiri waasi waliingia bwenini wakawaambia Wahutu simameni huku na Watutsi huku. Walikataa. Walishikana mikono wakabaki pamoja, wakauawa 40, Wahutu na Watutsi, watoto wa miaka 15 mpaka ishirini na kitu. Hao hawakuwa na habari na Rwagasore wala mkataba wowote, walikuwa tu wamekula, wamesoma na kucheza mpira pamoja baada ya 1993, na mkuu wao wa seminari alikuwa amewaachia waongelee kabila waziwazi badala ya kunong'ona. Naliweka hili hapa kwa walimu wenzangu wanaosoma.

Na baba yako mzee, kama yupo hai, mfikishie salamu zetu. Kama ametangulia, Mungu amrehemu.

Naitwa mwanafunzi wa mwaka wa pili Morogoro. Nimesoma kwamba Burundi bunge lao linagawanywa Wahutu 60 Watutsi 40. Sasa hiyo si ndio kuendeleza ukabila? Nyerere si alikuwa anapinga ukabila, ilikuwaje akasimamia mkataba kama huo? (Mwanafunzi, Morogoro)

Swali zuri. Kwanza Mwalimu Nyerere alisimamia mazungumzo kuanzia Mwanza 1996 na Arusha kuanzia 1998, akafariki Oktoba 1999 kabla hayajaisha, akaja Nelson Mandela akamalizia, saini tarehe 28 Agosti 2000. Katiba ya 2005 iliyofuata ndio ikaweka bunge asilimia 60 kwa 40 na viti vitatu vya Watwa, kabila la tatu na dogo kabisa, seneti nusu kwa nusu, na jeshi hakuna kabila kuzidi nusu.

Sasa kuhusu ukabila. Serikali za kijeshi Burundi zilikuwa zinasema hakuna kabila, sote ni Warundi, kutaja Mhutu ni kosa, na wakati huohuo maafisa wa jeshi karibu wote walikuwa wa upande mmoja. Kwahiyo kukataza neno hakukuondoa kitu, kulikifanya kisihesabike. Arusha ilikubali kuhesabu. Na kati ya vipengele vyote cha jeshi ndio cha maana kuliko, mana usiku ule wa Oktoba 1993 Ndadaye alikuwa na kura zote hizo na hakuwa na hata kikosi kimoja. Jeshi likishachanganywa, waliokuwa msituni na waliokuwa kambini wakalala bweni moja, ile hofu ya "wanakuja kutumaliza" ilipungua kwa kiasi ambacho mimi sikutegemea kukiona.

Haikuisha palepale. Kundi la waasi la CNDD-FDD liliingia kwenye amani 2003 tu, FNL, kundi lingine la waasi, likaendelea na vita, Agosti 2004 kule Gatumba wakimbizi Wakongomani zaidi ya 150, wengi Banyamulenge, yaani Watutsi wa Kongo, waliuawa usiku mmoja kwenye mahema. Vita nzima tangu 1993 inakadiriwa kuua watu 300,000. Na 2015, rais Pierre Nkurunziza alivyotaka muhula wa tatu, damu ilimwagika tena, lakini angalia waliokuwa barabarani wakiandamana, Wahutu na Watutsi walikuwa pamoja, na jaribio la mapinduzi liliongozwa na jenerali Mhutu aliyetoka chama kilekile cha rais. Zaidi ya 400,000 walikimbia, wengi wakaja huku kwenye kambi za Nyarugusu na Nduta, ila viongozi wachache waliojaribu kuurudisha kwenye Uhutu na Ututsi hawakupata watu wa kuwafuata kama zamani. Hilo sifa yake naipa Arusha. Mimi naona mgao huo wa kikabila ni kama plasta kwenye mfupa uliovunjika, haipendezi na inawasha, ila atakayeitoa kabla mfupa haujashika namwogopa.

Mwalimu, mimi nilirudi Burundi 2008 kutoka Ulyankulu na karatasi zangu, nikakuta shamba la baba kuna familia imejenga, wana nyumba ya tofali, makaburi yao yapo pale. Wanasema walipewa na serikali na wao hawana pengine pa kwenda. Ofisi iliyotakiwa kutusuluhisha ilisema tugawane nusu, baadaye wakasema wote watoke, baadaye tena kesi ikasimama. Nimechoka. Ningefanyaje? (Mkulima, Rumonge)

Ndugu yangu, hiki ndio kidonda cha Imbo yote, ile tambarare ya kando ya ziwa. Mliondoka 1972, ardhi yenye rutuba na michikichi ikagawiwa, wengine walipewa na serikali, wengine walinunua kwa mtu aliyepewa, na wengi wao hawakuwahi kumuua yeyote. Sheria ya ardhi ya kule inamtambua aliyekaa miaka 30 mfululizo, na aliyeingia kwa nia njema miaka 15, wewe ulikuwa kambini miaka 36, na huo muda hukuuchagua.

Sikwambii uache haki yako. Nakwambia nilichoona kinadumu. Makubaliano ya kugawana yaliyofanywa mbele ya wazee wa kilima, bashingantahe, pamoja na majirani waliokuwepo kabla ya 1972, yakaandikwa na kuwekwa mipaka kwa miti inayoonekana, yameshika mahali pengi kuliko amri ya kumtoa mtu. Anayetolewa kwa nguvu leo mwanae anakua na mwaka wake mpya. Tafuta mzee aliyekuwa anajua mpaka wa baba yako, mfuate angali hai, andika jina lake na alichosema. Na hao wenye makaburi ongea nao wewe mwenyewe kabla ya ofisi yoyote.

Na kwa waliobaki huku, Tanzania ilitoa uraia kwa wale wa 1972 wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu, watu kama 162,000, ila vyeti vilichelewa mpaka 2014. Miaka hiyo yote katikati watu waliishi hawajui kama wapande miti ya muda mrefu au mahindi tu. Tulikosea hapo, na nasema tulikosea.

Mwalimu, baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi upande wa Karusi. Walimchukua mwezi wa tano 1972, mimi nilikuwa tumboni. Mama yuko hai, mzee sana, tunaishi naye Tabora. Nimesikia kwenye redio wanachimba makaburi ya miaka ile. Je kuna njia ya kujua kama yumo? (Mama wa wajukuu wanne, Tabora)

Dada yangu, shikamoo, na pole kwa miaka yote hiyo.

Ni kweli. Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Burundi ilianza kuchimba Karusi Januari 2020, kwenye kingo za mto Ruvubu, ambako malori yalikuwa yanapeleka watu usiku. Kwenye makaburi sita wakatoa mabaki ya watu 6,032 pamoja na maelfu ya risasi. Tume hiyo ina lawama zake, wengi wanasema imeitazama sana 1972 na kuipita 1993 harakaharaka, dada wa Gitega hapo juu angesema hivo na ana hoja. Lakini kwako wewe swali siyo la siasa.

Vipimo vya damu kwa watu wengi kiasi hicho ni vigumu. Waliotambulika walitambulika kwa vitu walivyokutwa navyo, nguo, miwani, rozari. Kwahiyo fanya hivi, leo, usingoje sikukuu wala mjukuu arudi shule. Kaa na mama akiwa amepumzika, chukua daftari, usimwambie "nisimulie ile siku" mana atafunga. Muulize siku ile baba alivaa shati gani, suruali alishona kwa nani, viatu vilikuwa vya kamba au vya kuchomeka, alikuwa na kalamu mfukoni, alikuwa na rozari, jino gani lilikuwa limetoka, aliwahi kuvunjika mkono utotoni. Jina kamili, jina la baba yake, kilima, shule aliyofundisha, na lori lilielekea upande gani. Andika kama anavyosema, kwa Kirundi chake, alafu nakala moja itume kwa ndugu aliyeko Karusi aipeleke kwa watu wa tume, moja ubaki nayo.

Na muulize kama alikuwa anavaa miwani.